Sahani ya Nyumba ya Pili

Kwetu kulikuwa na jikoni mbili na mzee mmoja. Jikoni ya kwanza ilikuwa ya mama yangu, ya pili ya mke mdogo wa baba, na katikati palikuwa na uwanja wa udongo mwekundu ambao kuku waliuvuka wakitaka na watu waliuvuka kwa amri. Ni upande wa Nyamache, kwenye mteremko, chai juu, migomba chini. Ukisimama barabarani uliona boma zuri, mabati yanang'aa, ua umekatwa vizuri. Watu wa kanisani walimsifu baba kwamba wake zake hawapigani. Ni kweli hawakupigana. Walinitumia mimi.

Nitaeleza ilivyokuwa, halafu kila mtu abebe lake. Majina sitataja, kwa sababu waliokufa hawawezi kujitetea na walio hai ni wakali. Lakini nitasema nani ni nani kwangu, na anayewajua atawajua.

Nilikuwa na ndugu mdogo, mvulana, aliyenifuata mimi. Alikuwa ameanza tu kutembea. Siku moja alivuka uwanja akapewa uji katika jikoni ya pili, na baada ya siku chache akashikwa na kuhara, akafa kabla hajafikishwa dispensari. Watoto wengi walikufa hivyo wakati ule na hakuna aliyeitwa mchawi. Lakini mama yangu alikuwa na mtu wa kumlaumu tayari, tangu siku ile mwanamke wa pili aliposhuka na sanduku lake. Akasema uji ulikuwa na kitu. Alisema kisimani, akasema kwenye kibanda cha kupimia majani chai, akasema kanisani akijifanya anaomba. Mke mdogo akarudi kwao, baba akabaki na aibu.

Wazee wa ukoo wakaitwa. Wakakaa, wakala, wakaamua. Mke arudi. Na ili boma lisivunjike, kila jioni jikoni ya pili itoe sahani, na mtoto wa nyumba ya kwanza aile mbele ya baba, watu wote waone kwamba haina kitu. Wakaona wamefanya jambo la maana sana, wakachukua fimbo zao wakaenda zao.

Hakuna aliyeuliza ni mtoto yupi.

Mama ndiye aliyechagua. Kaka yangu mkubwa angeweza kuila ile sahani, alikuwa na tumbo la kusaga hata maganda ya ndizi. Lakini kaka ndiye wa kurithi shamba. Mimi nilikuwa wa kuondoka siku moja, niolewe, na mtu wa kuondoka anaweza kujaribiwa. Mama hakusema hivyo kwa mdomo. Alininawisha uso, akanisukuma mgongoni kidogo. Nilikuwa sijaanza shule.

Baba alikaa kwenye kiti chake mlangoni. Mke mdogo alileta sahani yeye mwenyewe, obokima, ugali wetu wa wimbi, na mboga ya chinsaga iliyopikwa kwa maziwa mpaka uchungu wake ukaisha, akaiweka chini bila kunitazama. Nikala. Baba akangoja kidogo, akasema kwa sauti ili isikike mpaka jikoni zote mbili, "Mnaona? Hajafa."

Alisema hivyo kila jioni. Hajafa. Halafu anaomba maji ya kunawa.

Nikitoka pale, mama alikuwa ananingoja nyuma ya migomba. "Ingiza kidole," aliniambia. "Zaidi. Toa yote." Nikishatoa ananifuta mdomo kwa pindo la leso yake, ananishika kidevu, anachungulia ndani kama anayetafuta jino bovu.

"Inauma?"

"Haiumi."

"Itauma. Ngoja."

Basi tunangoja, mimi na yeye, tumechuchumaa kwenye majani makavu ya migomba. Kutapika si kitu, mwili unazoea. Kungoja ndiko sikuzoea. Nilikuwa nasikiliza tumbo langu kama mtu anayesikiliza mlango.

Siku nikisema chakula kilikuwa kitamu, mama alininyamazia mpaka kesho yake, na usiku sikuruhusiwa kulala karibu naye. Siku nikisema kilikuwa kichungu, alimwita baba: "Njoo usikie mwenyewe mtoto wako anavyosema!" na baba alinichapa kwa sababu ya uongo. Nikajifunza kusema sijui. Hiyo nayo ikawa makosa. "Hujui? Ulimi wako ni wa nini, wa kufunga kamba?" Nilipofika umri wa kuelewa mambo nilikuwa nimeshaelewa kwamba katika boma letu hakukuwa na jibu la swali lile. Na bado liliulizwa kila siku.

Kaka alilifanya mchezo. Njiani kwenda shule aliwaambia wenzake, "Huyu ni paka wetu. Anaonja kwanza, mzee anakula baadaye." Wavulana wakawa wananiita Paka. Asubuhi nikitokea kwenye kona wanapiga kelele, "Paka amefufuka!" Kaka alicheka kuliko wote. Jioni alikula chakula cha mama peke yake, polepole, na nyama akipewa yeye. Leo anasema alikuwa mtoto, hakujua. Alikuwa mkubwa wa kutosha kuchunga ng'ombe na kupigana kwa ajili yao. Alijua.

Shule niliacha darasa la sita. Walikuwa wanapika githeri mchana, mahindi na maharagwe, na mimi siwezi kula kitu kilichopikwa na mtu nisiyemwona. Nikawa nakonda, mwalimu akasema nina minyoo, nikapewa dawa, nikazitema. Nikabaki nyumbani nikichuma chai. Kazi hiyo niliipenda. Kwenye chai hakuna anayekuuliza inauma au haiumi.

Nikaolewa upande wa Nyansiongo, kwenye yale mashamba makubwa yaliyokuwa ya wazungu zamani. Mume alikuwa mtu wa maziwa, baiskeli na madebe. Mama yake alikuwa mwanamke mwema, na huo ndio ulikuwa ubaya wake kwangu, maana alinipikia. Nilipojifungua binti alinipikia zaidi, supu, uji wa wimbi, ndizi. Alisimama pale mlangoni akitabasamu ili anione nikila.

Sauti zilianza nikinyonyesha. Mwanamume na mwanamke, wakibishana juu ya sufuria. Watu huuliza kama ilikuwa sauti ya mama yangu. Hapana. Ingekuwa ya mama ningeizoea. Hawa walikuwa wageni, lakini walinijua, na walijua kilichowekwa ndani ya chakula kabla sijakifunua. Kisha nikaanza kunusa kitu kwenye maziwa. Asubuhi moja nilimwaga maziwa yote mtaroni, yetu na ya majirani ambayo mume alikuwa akiyapeleka, debe baada ya debe. Nilikuwa nawaokoa watu. Bado nakumbuka jinsi nilivyofurahi, na jinsi mtaro ulivyokuwa mweupe.

Mume alinirudisha kwetu, mtoto mgongoni. Hakuingia ndani ya boma. Alisimama pale barabarani akamwambia baba, "Mzee, mlinipa aliyekwisha kuharibika," akageuza baiskeli. Ng'ombe wa mahari alikuwa hajaleta hata mmoja, kwa hiyo mtoto alihesabiwa wetu na hakuna aliyebisha.

Sikuwahi kumwona mama na nguvu kama siku ile. Miaka yote alikuwa akingoja iume, na sasa imeuma. Alivuka ule uwanja mwenyewe, bila amri, akasimama mbele ya jikoni ya pili akapiga kelele mpaka majirani wakaja. "Mnaona sasa? Mnaona?" Alinishika mkono akaninyanyua ili nionekane vizuri. Mke mdogo alifunga mlango. Baba aliingia kwenye chai akakaa huko mpaka jioni. Wazee wa ile sahani hawakuitwa tena, wengi walikuwa wamekufa.

Matibabu yalikuwa ya kila aina. Kanisa lilisema nifunge na kuomba. Mimi, ambaye sikuwa nakula, nikaambiwa nisile. Kaka alinifunga kamba ya ng'ombe kwenye nguzo ya jikoni ya mama, akasema ni kwa usalama wangu, na mkewe akawa ananirushia kiazi kwa mbali. Kisha kaka akataka nipelekwe kwa mzee mmoja wa kupasua vichwa. Kazi hiyo kwetu ni ya zamani, wapo waliopasuliwa ngozi, wakakwanguliwa mfupa, wakapona maumivu yao na wakaendelea kulima. Tukafika, mzee akatoka nje akipapasa ukuta. Alikuwa haoni vizuri tena. Kaka bado alimwomba ajaribu. Mzee akakataa. Macho ya yule mzee ndiyo yaliyoniokoa, si ndugu yangu.

Aliyesema nipelekwe hospitali kubwa mjini Kisii ni naibu wa chifu, kwa sababu nilikuwa nimempiga jiwe.

Wodi ya wagonjwa wa akili sitaisimulia sana. Ilikuwa na kelele, ilikuwa na harufu, na dawa zilinifanya nitembee kama mti uliopewa miguu. Lakini nilikula. Chakula kilikuja kwenye ndoo kubwa, kikapakuliwa na mtu aliyekuwa na haraka, asiyejali kama nimekula au nimekalia. Kule kutojali kulinifaa. Sauti zikashuka, zikawa kama redio ya jirani. Nikaruhusiwa kwenda nyumbani. Baada ya muda mfupi nikarudishwa nikiwa vibaya zaidi. Nikapona, nikaenda, nikarudishwa tena.

Mara hiyo daktari mmoja, mtu wa upande wa ziwa, akaniuliza, "Hapa unakula?"

"Nakula."

"Nyumbani?"

Nikatazama mlangoni. Akaagiza watu wangu waje.

Walikuja mama na kaka. Mama alibeba kikapu chenye chakula, kimefungwa kwa majani ya mgomba na juu yake kitambaa cheupe. Alimwambia daktari kwa Kiswahili cha kanisani, "Daktari, sisi tunampenda huyu mtoto. Yeye ndiye anakataa chakula. Tunalia naye." Akanigeukia, akanipangusa uso, na kwa Ekegusii, lugha yetu, akaniambia taratibu, kwa sauti ileile ya mapenzi, "Usile cha hawa watu. Hujui nani anapika huko nyuma. Kula hiki changu, na ukimaliza nitakuambia la kufanya."

Daktari hakujua Ekegusii. Akauliza, "Mama anasema nini?"

"Namwambia ale vizuri apate nguvu," mama akasema.

Daktari akanitazama mimi. Mama akanitazama mimi. Kaka alitazama viatu vyake. Nilikuwa mtu mzima, nimezaa, na bado pale mbele ya kikapu nilikuwa tena chini ya migomba. Nikamwambia daktari, "Ameniambia nisile chakula chenu."

Mama hakukasirika. Alicheka kidogo, kwa huruma. "Unaona, daktari? Ndivyo anavyosikia vitu."

Sijui kama daktari aliniamini. Sijawahi kujua. Lakini alimpa muuguzi kile kikapu akiweke pembeni, na walipoondoka aliniambia kwamba ugonjwa huu huwa na mizizi mingi, mmojawapo ni damu, na shangazi yangu niliyemsimulia, aliyekuwa akizunguka sokoni akiokota karatasi, huenda alikuwa nao. Hakuna mama anayeutengeneza peke yake, alisema. Ila nyumba yenye ugomvi na masimango humrudisha mtu wodini upesi, hilo waliliona kila siku. Nisitafute mkosaji, alisema, nitafute mahali pa kuishi.

Nilimsikiliza, na nusu ya maneno yake niliifuata. Mahali nilitafuta. Lakini yeye alikuwa na wagonjwa wengi na mimi nina maisha mamoja. Kama kulikuwa na mbegu kwenye damu yangu, sawa, nakubali, hakuna aliyeipanda kusudi. Nawajua walioimwagilia maji. Mama yangu aliyenitapisha. Baba aliyetaka amani bila kuinuka kwenye kiti. Kaka. Wazee wa ukoo, ambao labda mahali fulani bado wanasifiwa kwa busara. Na mke mdogo wa baba, nitamfikia.

Nikarudi Nyansiongo, si kwa mume, yeye alikuwa ameoa mwingine. Nilipata kazi ya kukamua kwa mama mmoja mjane mwenye ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi. Ukimkamua ng'ombe aliyekasirishwa anabana maziwa, hata umpapase namna gani, kwa hiyo katika banda lile watu walizungumza kwa sauti ya chini na redio ilikatazwa. Nilikaa kwenye sauti hiyo ya chini miaka mingi. Yule mjane aliniwekea chakula mezani, akaenda zake kuangalia habari kwenye televisheni. Hakuwahi kunitazama mdomoni. Sindano nilidungwa dispensari kila mwezi, na bado nadungwa. Dawa ilifanya kazi yake, simnyimi mtu haki. Lakini mtu akiniuliza ni nini kiliniponya, nitataja pia ule mgongo wa yule mwanamke akielekea kwenye televisheni.

Binti yangu alibaki Nyamache. Nilipomtaka, mama alisema mwendawazimu halei mtoto, kaka akaunga mkono, wakaenda kwa chifu, chifu akaniuliza kama bado natumia dawa. Nikasema ndiyo. Akasema basi bado ni mgonjwa. Kama ningesema hapana angesema siko salama. Maswali ya namna hiyo nilishayazoea. Nikawa naenda kumwona Desemba na wakati wa mvua kubwa, nampelekea nguo, nakaa kidogo, naondoka.

Aliendelea vizuri. Alimaliza sekondari, akajifunza cherehani, akapata nafasi kwenye kibanda cha sare za shule pale sokoni. Baba alikuwa amekufa. Mama amezeeka, macho yamefifia, binti ndiye anampikia mara nyingi. Na mke mdogo bado yuko ng'ambo ya uwanja, peke yake. Wanawe wa kiume wako mijini.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, nilikwenda. Tulikuwa tumekaa nje. Mke mdogo akatoka na sahani ya ndizi na mboga, akavuka uwanja akichechemea, akampa binti yangu. "Kula mwanangu, umenichotea maji." Binti akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akala yote, akatabasamu. Kisha akainuka kama anakwenda kuosha sahani, akapita nyuma ya nyumba.

Nilisikia. Watu wengine wangefikiri ni kikohozi.

Nilimkuta ameinama, mkono mmoja kwenye shina la mgomba. Alinyooka, akajipangusa mdomo.

"Si kitu, Mama."

"Nani alikufundisha?"

"Si kitu. Najua hakina sumu, mimi si mjinga. Ni magokoro tu, hawezi kulala kama sijatoa." Magokoro ni bibi. "Nikishatoa analala. Ni rahisi kuliko kubishana naye."

"Na anachopika magokoro mwenyewe unakitoa?"

"Zamani nilikuwa sikitoi."

"Na unachopika wewe mwenyewe?"

Akatazama kule kwenye chai. "Siku hizi kinatoka chenyewe."

Nikamuuliza kama anasikia watu wakizungumza ambao hawapo. Akasema hapana. Nikamuuliza tena. Akasema, "Hapana, Mama, na usiniangalie hivyo." Nilikuwa nimemshika kidevu. Nikakiachia.

Mama alikuwa juani akichambua maharagwe kwa vidole, maana macho hayamsaidii. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mama, msichana anatapika."

"Cha kwangu hatapiki."

"Anatapika. Vyote."

"Cha yule akitapika ana akili."

"Baba alikufa. Wazee wale walikufa. Sasa nani anataka kuona hiyo sahani?"

"Yule bado anapika, ama hapiki?"

"Mimi ulinitapisha mpaka nikaugua."

Mama akaacha maharagwe. "Wewe ulikuwa unatapika ukawa mzima. Uliugua ulipokwenda kula kwa watu." Akanitafuta uso kwa macho yake yale. "Ndugu yako alikunywa uji hakutapika. Yuko wapi?"

Kwa akili yake alizaa watoto watatu, mmoja aliokolewa na uvulana, mmoja alizikwa, na mmoja yeye mwenyewe alimwokoa kwa kidole. Mimi ndiye ushindi wake. Nilimwona anavyoniona, na kwa muda mfupi ilinishika huruma. Huruma ikapita. Msichana alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, mikono kifuani, mifupa ya mabega imetokeza.

"Mnazungumza juu ya chakula changu?" Mke mdogo alikuwa mlangoni kwake. Masikio yake bado mazima.

Nikavuka uwanja. "Mama mdogo, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nakuona ukipita pale. Kila jioni."

"Na hukusema."

"Nimwambie nani? Baba yako alitaka kuona sahani tupu, akaiona. Ningeacha kuileta, wangesema nimekubali ilikuwa sumu." Akajikuna kiwiko. "Nilikuwa naongeza maziwa. Nikasema, ngoja nikitie utamu, nione kama siku moja utakataa kukitoa. Nilitaka nimshinde mama yako kwenye tumbo lako."

Alisema hivyo bila haya, kama mtu anayeeleza mashindano ya zamani. Nadhani ndiye pekee katika boma lile aliyewahi kuniambia ukweli, na sikumshukuru.

Kaka alifika na pikipiki yake mchana. Mtu alishampigia simu. "Dada mwonjaji amerudi," akasema akishusha miguu. Nikamwambia nakwenda na binti yangu. Akacheka.

"Umpeleke wapi, kwa ng'ombe? Wewe una kichwa kibovu. Unataka umpe na yeye?"

"Kama ni cha damu anacho tayari. Sitaki akae na wa kukiamsha."

"Nani atampikia mama?"

"Mkeo."

"Mke wangu na mama hawaelewani. Akipika mama anasema kina kitu."

"Basi unajua ninachozungumza."

Nilimwona akitafuta kicheko na asikipate. Akamgeukia msichana. "Wewe ni mtu mzima. Sema mwenyewe. Unataka kwenda kukaa na huyu?"

Wote wakamtazama, mama na macho yake yasiyoona, mke mdogo mlangoni, kaka juu ya pikipiki, na mimi. Nilitambua mahali alipowekwa. Akisema ndiyo anamuua bibi yake. Akisema hapana anamuua mama yake. Nikataka kusema, usijibu, hakuna jibu la swali hili. Lakini nikajiambia, nikimsaidia nitakuwa mmoja wao. Nikatazama chini.

Binti yangu akasema, "Naenda kuchukua cherehani yangu." Akaingia ndani.

Mama alilia. Akasema, "Ukienda usirudi kunifulia nguo." Msichana akajibu kutoka ndani, "Nitakuja Jumapili kukufulia, magokoro." Jumamosi kwetu ni Sabato, hakuna kufua. Kaka ndiye aliyetubebea cherehani mpaka barabarani, sijui kwa nini.

Nilimpeleka Kisii kwenye kliniki ileile. Yule daktari wa zamani hayupo, kuna daktari mwingine, msichana mdogo wa miwani. Alizungumza na binti peke yake muda mrefu, mimi nikikaa nje kwenye benchi pamoja na watu wengine waliokuwa wanasubiri wagonjwa wao. Nilipoitwa aliniambia haoni ugonjwa wangu ndani yake leo. Anaona mwili uliozoeshwa kukataa chakula, na hofu, na hivyo navyo ni vya kutibiwa. Arudi kila baada ya wiki kadhaa. Ale kwa utulivu.

"Ataupata?" nikauliza.

"Hakuna anayeweza kukuambia ndiyo, wala kukuambia hapana," akasema. "Unachoweza ni kupunguza makelele. Na asiulizwe-ulizwe."

Sasa anakaa na mimi, anashona kwenye kibanda pale Nyansiongo. Anakula. Siku nyingine chakula kinarudi, siku nyingine hakirudi. Amejaa kidogo mashavuni, au ni mimi nataka kuona hivyo. Usingizi wake nausikiliza, nikisikia anaongea peke yake nasimama nje ya mlango mpaka nijue ni simu.

Jumapili anakwenda Nyamache. Sikuweza kumzuia, alisema nikimzuia atakuwa ametoka nyumba moja akaingia nyingine ya namna ileile. Anafua nguo za mama yangu, anachota maji ya mke mdogo. Najua atapewa sahani. Najua na nyuma ya nyumba kuna nini.

Anarudi jioni nikiwa kwenye kukamua. Namsikia akifungua geti, akisalimia mbwa, kisha anakuja anasimama mlangoni mwa banda, viatu vimejaa matope mekundu ya kule. Anangoja nimwambie kitu. Kinywa changu kinajaa maneno yale, umekula nini, nani alipika, kimekaa? Nayahisi kama mate. Ng'ombe anahisi pia, anasogeza mguu.

"Kule kumenyesha?" namuuliza.

"Sana," anasema. "Barabara yote ni tope."

Namwambia anisogezee ndoo, naye anaisogeza.